Kudai ovataimu CMA: chunga siku 60

Bosi akikwambia "vumilia, mwezi ujao tunakulipa ovataimu zako", anza kuhesabu siku. Madai ya saa za ziada yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Siku 30 ambazo wengi wanazijua ni za walioachishwa kazi.

Mimi nilikuwa mpakiaji ghalani Dar es Salaam, nikaamini ahadi mpaka siku ya 83. Ikabidi nianze na Fomu Na. 2, ya kuomba kuongezewa muda, nikieleza sababu ya kila wiki niliyochelewa. Kusema tu kwamba niliahidiwa kwa mdomo kusingetosha. Kilichonisaidia ni meseji za msimamizi zilizotaja deni na tarehe. Tafadhali, usifute meseji hata moja.

Ukiwa ndani ya muda, jaza Fomu Na. 1. Huduma ni bure. Mpelekee mwajiri nakala kwanza, apokee kwa sahihi na tarehe, ndipo uiwasilishe ofisi ya CMA ya mkoa pamoja na uthibitisho huo.

Sehemu ya madai usiandike "ovataimu zangu zote". Andika kiasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Zinazozidi hapo hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Chukua mshahara wa msingi wa mwezi, gawanya kwa 195, yaani wiki 4.333 mara saa 45. Wa 390,000 anapata 2,000 kwa saa, kwa hiyo ovataimu ni 3,000. Kazi ya sikukuu ya kitaifa ni mara mbili. Saa za usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili alfajiri, zina nyongeza ya asilimia 5. Ila kama unasimamia wenzako kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kikomo hicho cha saa hakikuhusu.

Mimi nilichora jedwali kwenye kaunta buku: tarehe, kuingia, kutoka, saa za ziada, shilingi. Nikaambatanisha picha za daftari la mlinzi getini, ambako nilisaini kila nilipotoka. Msuluhishi alipitisha kidole mstari kwa mstari akilinganisha, na upande wa mwajiri haukuwa na karatasi ya kupinga.

Siku ya usuluhishi usikose, shauri lako linaweza kufutwa. Mkishindwana, linaenda kwenye uamuzi. Mkikubaliana, soma hati kabla ya kusaini, maana itawafunga nyote. Yangu mwanzoni ilisema "atalipwa mapema iwezekanavyo". Nilikataa mpaka zikaandikwa tarehe mbili za malipo na kiasi cha kila awamu.