Mfumo wa maikrowevu wa kupasha plazma: anza na matengenezo

Ukipasha plazma, yaani gesi ya moto sana yenye chaji ndani ya kinu cha muunganiko wa nyuklia, usitegemee jairotroni (mtambo wa kuzalisha maikrowevu zenye nguvu) moja kubwa, gawa kazi. ITER, mradi wa kinu cha majaribio kule Ufaransa, wamechagua za gigahezi 170, kila moja megawati 1 hivi, kwahiyo moja ikizingua zingine zinaendelea. Zote ziwe nje ya ukuta wa zege unaozunguka kinu, mbali na nyutroni (chembe za mionzi zinazotoka kwenye plazma), fundi afike bila roboti, alafu mawimbi yasafirishwe kwa mabomba yenye vioo kwenye kona.

Dirisha la almasi kwenye kila bomba ndo ulinde kuliko vyote, maana linapitisha nguvu yote huku likizuia tritiamu, fueli yenye mionzi, isitoke! Lipoze pembeni kwa maji, weka valvu ya kulitenga, na kihisi cha cheche kinachokata umeme ndani ya maikrosekunde.