Namna ya kuandaa kikao cha roki ya zamani bila wajuaji kukiteka

Mimi ni fundi redio wa Ngamiani, Tanga. Mwenye mashine ya santuri iliyokufa huniletea, na akija kuichukua haondoki. Tunaijaribu kwa sahani moja, ya pili inafuata, na hapo mabishano yanaanza: Jimmy Page wa Led Zeppelin na Ritchie Blackmore wa Deep Purple nani zaidi kwenye gitaa, Freddie Mercury, yule muimbaji wa Queen aliyezaliwa Zanzibar, ni wetu au si wetu. Maneno yalipozidi kibanda nikayahamishia uani kwangu, Jumamosi baada ya alasiri, na sasa ni kikao rasmi. Watu wa mitaa mingine wanauliza tunakiendeshaje, kwa sababu vyao huishia mtu mmoja anahutubia na waliobaki wanachezea simu. Nitaeleza tunavyofanya sisi.

Sharti kubwa ni hili, na ukilishika mengine yanajipa: hakuna kusema "fulani ndiye bora" mpaka uonyeshe mahali. Kutaja jina la wimbo hakutoshi. Sema sehemu gani ya wimbo, chombo gani, kinafanya nini, kisha tunarudisha sindano na kusikiliza wote.

Chukua mfano wa John Bonham wa Led Zeppelin. Mtu akisema ndiye mpiga dramu mkubwa kuliko wote, mwambie aweke "When the Levee Breaks", wimbo wa mwisho kwenye albamu yao ya nne ya mwaka 1971. Mwanzoni ni dramu tupu. Usiseme kitu. Waache wasikie ule mwangwi kwanza, halafu ndipo uwaeleze kwamba haukutengenezwa na mashine peke yake: walikuwa wanarekodia kwenye nyumba kubwa ya zamani, Headley Grange, huko Hampshire, Uingereza. Dramu ziliwekwa chini ukumbini, na fundi mitambo wao Andy Johns akaning'iniza maiki mbili juu kwenye ngazi. Kwa hiyo unachosikia ni Bonham na ile nyumba pamoja. Rudisha sindano uwaone wanavyobadilika nyuso. Kwetu, mzee mmoja aliyepiga ngoma za harusi maisha yake yote, wala hana habari na Led Zeppelin, alisikiliza akatikisa kichwa: "Huyu hana haraka. Anaichelewesha makusudi." Wajuaji walikuwa wamezungumza nusu saa na hakuna aliyelisema hilo.

Watu sita hadi wanane wanatosha. Wakizidi, vinazaliwa vikao viwili ndani ya kimoja. Changanya umri: akiwapo kijana asiyejua lolote, wazee hulazimika kueleza badala ya kutupiana majina. Na mjuaji, maana hakosi, mpe kazi ya kubadilisha sahani. Mtu anayeshika santuri kwa mikono miwili na kuogopa kuiangusha huwa hana nafasi ya kuhutubia.

Sasa vyombo, na hapa mniwie radhi, ndiyo kazi yangu. Sahani ishike kwa ukingo na kwa ile karatasi ya katikati, vidole visiguse mifereji. Vumbi lifute kwa kitambaa laini kikavu kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usikate kutoka katikati kwenda nje. Kama una zile sahani nzito za zamani sana, za mizunguko 78, usizipake spiriti kabisa, inaziyeyusha. Sindano ikirukaruka, najua utafanya nini: utaweka shilingi juu ya kichwa cha mkono. Usifanye. Uzito huo unachimba mifereji, na baada ya muda utasikia mchanga kwenye kila wimbo. Ama sindano imeisha, ama mkono haujasawazishwa, ama mashine imekaa upande. Anza na hilo la mwisho kwa sababu halina gharama: weka glasi ya maji juu ya meza uone maji yamelalia wapi.

Ukisikia muimbaji amekuwa mzito kama ana mafua, angalia mkanda wa mpira unaozungusha sahani. Joto la pwani linaulegeza, spidi inashuka, na sauti inashuka nayo. Nimewahi kusikia watu wakisifu "sauti nzito" ya Robert Plant, muimbaji wa Led Zeppelin, kwenye mashine ambayo haikuwa na kitu ila mpira uliochoka.

Kwa kanda, safisha kile kigurudumu cha mpira na kichwa cha kusomea kwa pamba yenye spiriti kidogo. Ukanda ukiwa na ukungu mweupe usiutie kwenye redio nzuri, utachafua kila kanda itakayofuata. Na kalamu ya Biki iwe karibu, ya kuzungushia kanda ukanda ukilegea. Simu nayo si dhambi, ila iunganishe kwa waya kwenye spika za maana. Spika ya simu haina besi, na asiyesikia besi hawezi kumjadili John Paul Jones wa Led Zeppelin wala John Deacon wa Queen, wapiga besi. Umeme ukikatika, redio ya betri na kanda ziwe tayari kando.

Kahawa na kashata, sawa. Mihogo ya kukaanga na chachandu ije baada ya santuri kurudi kwenye majalada. Sirudii.

Vyombo vikishakuwa sawa, jambo linalobaki ni maswali, na wengi huharibu hapa. Ukiuliza "nani bora?" utapata jibu alilosoma mahali. Uliza: ulimsikia wapi mara ya kwanza? Redio ilikuwa ya nani? Kanda ulirekodiwa duka gani, nyuma yake kulikuwa na nini? Utashangaa. Zamani wengi wetu hatukuwa na albamu. Tulikuwa tunapeleka kanda tupu ya dakika 60 au 90 dukani, tunarekodiwa mchanganyiko. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, aliijua "Stairway to Heaven" ya Led Zeppelin tangu ujanani kama wimbo mtulivu wa gitaa na filimbi, wa kulalia. Akawa anatushangaa tunavyouita wimbo wa roki. Tukamuuliza kanda yake ilikuwaje. Kumbe upande wa A ulikwisha kabla ya solo, kile kipande gitaa linapotamba peke yake. Wimbo wenyewe una dakika nane, dramu zinaingia baada ya dakika ya nne, na solo ya Page inakuja karibu na ya sita. Yeye miaka yote hiyo alikuwa na nusu ya kwanza.

Tukauweka mzima. Dramu zilipoingia alitazama spika kama anayetaka kuuliza kitu, solo ilipoanza akaweka kikombe chini. Ulipokwisha akasema anaupenda zaidi ule wake mfupi. Na alieleza kwa nini: kwenye ule wake yule mwanamke wa kwenye wimbo hajafika popote, bado anatembea. Hakuna aliyembishia, kwa sababu alionyesha mahali.

Ndiyo sababu nasema kumbukumbu itangulie maoni. Lakini kumbukumbu nayo ipimwe, kwa adabu. Kila kikao yupo mtu aliyeona Queen wakitumbuiza kwenye tamasha la hisani la Live Aid, uwanja wa Wembley, London, Julai 13, 1985, moja kwa moja kwenye televisheni nyumbani kwao Bara. Vituo vya televisheni vya Bara vilianza miaka ya 1990. Sasa usimuumbue mbele za watu, hasa akiwa mkubwa kwako. Muulize, "Shikamoo mzee, ule mkanda wa video ulikuwa wa nani?" Atacheka, atakumbuka nyumba, kiingilio, na nani alikaa dirishani kwa kukosa pesa. Hiyo ni hadithi tamu kuliko ile ya kwanza, na ni ya kweli.

Mpangilio wa nyimbo nao una maana. Baada ya dramu mimi humweka Tony Iommi wa Black Sabbath, kwa sababu habari zake zinawabadilisha watu masikio. Akiwa na miaka 17, kwenye kiwanda cha mabati Birmingham, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na yeye hupiga gitaa kwa kushoto, kwa hiyo hivyo ndivyo vidole vya kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko, akavivisha ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba, na kufikia mwaka 1971 alikuwa anazilegeza ili zisimuumize, na sauti ikazidi kuwa nzito. Zima taa ya uani, weka wimbo wa kwanza wa albamu yao ya kwanza, ya Februari 1970: mvua, kengele ya kanisa, halafu gitaa linalotambaa kwa sauti tatu tu. Kisha uliza nani bado anataka kuzungumzia spidi.

Baada ya hapo ubishi wa haki ya mtu. Weka ule wimbo wa bendi ya Pink Floyd unaoimbwa bila maneno kwenye albamu yao ya 1973, "The Great Gig in the Sky". Anayeimba ni Clare Torry, aliyeitwa studio za Abbey Road, akaimba alichojisikia juu ya piano ya Richard Wright wa bendi hiyo, akalipwa pauni 30, akaenda zake. Mwaka 2004 alifungua madai, mwaka uliofuata wakapatana, na sasa jina lake limo kama mtunzi mwenza. Swali la kikao: asiyetamka hata neno moja, ametunga? Hapa wacha wabishane hata saa nzima. Kwetu akina mama ndio waliolitia nguvu, kwa kuwa wanajua kazi ya muitikiaji wa taarabu na malipo yake. Mmoja alisema mwenye kinanda alileta njia, mwenye sauti ndiye aliyepita. Mimi niko upande wake.

Usiusahau upande wa kwetu wa Afrika, ila uwe na uhakika wa unachosema. Ginger Baker, mpiga dramu wa Cream, alivuka Sahara kwa gari hadi Lagos mwaka 1971 na akapiga na Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria. Paul McCartney, aliyekuwa wa Beatles, alikwenda Lagos kurekodi mwaka 1973, akaporwa kwa kisu, kanda za majaribio ya nyimbo zake zikaenda na wezi, na Fela akamtuhumu kwamba amekuja kuiba muziki wa Waafrika. Zambia walikuwa na roki yao wenyewe, na bendi ya WITCH ilikuwa na muimbaji Emanuel Chanda aliyeitwa Jagari, kutokana na Mick Jagger, muimbaji wa Rolling Stones. Santuri za Zambia mimi nilizijua kwa shemeji yangu aliyefanya kazi TAZARA. Ukiwa na moja, iweke bila kutaja jina, uwaulize wanadhani bendi inatoka wapi. Watataja London, watataja Marekani.

Freddie awe wa mwisho. Ukianza naye, kikao kimekwisha: watu watabishana kuhusu pasipoti mpaka magharibi. Sema ukweli mara moja na ufunge: alizaliwa Zanzibar, Septemba 5, 1946, jina lake Farrokh Bulsara, familia ya Waparsi (Wahindi wa dini ya Zoroasta), alisomeshwa bweni Panchgani, India, alirudi Zanzibar, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Halafu onyesha mahali. Mimi huchagua ile sehemu ya Wembley anapotoa sauti bila neno na uwanja mzima unamrudishia, anaongeza kipande, wanamrudishia tena. Mtu yeyote aliyekaa kwenye ngoma ya pwani anaijua kazi hiyo ya kuita na kuitikiwa. Sidai aliichukua kwetu. Nadai kwamba sisi tunayo masikio ya kuijua, na hilo linanitosha.

Mwanamuziki akifa, fanya kikao wiki hiyohiyo na ufute ushindani wote. Ozzy Osbourne, muimbaji wa Black Sabbath, alipofariki Julai 22, 2025, siku 17 tu baada ya kuaga mashabiki wake kwenye uwanja wa Villa Park, Birmingham, hatukulinganisha mtu na mtu. Kila aliyekuja alileta wimbo mmoja na habari moja, basi.

Rekodi mazungumzo kwa simu, kwa ruhusa, na mwanzoni tamka tarehe na majina ya waliopo. Simu iwe katikati ya meza juu ya kitambaa kilichokunjwa, la sivyo utarekodi vikombe vya kahawa.

Na kabla mtu hajafungua mlango wa ua, kagua kila jalada kama sahani yake imo, na kama ni yake. Wiki iliyopita mtu kaondoka na jalada la Pink Floyd, ndani mna Mbaraka Mwinshehe. Hajairudisha, na anasema hana haraka.