Umekaa mbele ya Linux Mint kwa mara ya kwanza? Anzia kona ya chini kushoto

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi za zamani ninazoletewa huondoka na Linux Mint, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, toleo la Cinnamon. Siku ya pili simu inaita: "Fundi, vitu vyangu umevipeleka wapi?" Vipo. Twende taratibu.

1. Bofya kona ya chini kushoto, au bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows. Hata huku kinafanya kazi. Menyu ikifunguka usihangaike kupekua orodha, anza tu kuandika. Andika "wri" na LibreOffice Writer itajitokeza, bonyeza Enter. Hiyo ndiyo ya barua, na faili zako za Word zitafunguka humo, ingawa zenye majedwali mengi huvurugika kidogo.

2. Usitafute C wala D, hakuna. Fungua aikoni ya Home: ndani utakuta Documents, Downloads na Pictures. Angalia herufi kubwa na ndogo, maana "Barua" na "barua" hapa ni faili mbili.

3. Dirisha limepotea? Limejificha tu. Shika Alt, gusa Tab mpaka ulifikie. Mimi napenda zaidi Ctrl+Alt na mshale wa chini: madirisha yote yanatandazwa mbele yako kama nguo sokoni, unabofya unalolitaka.

4. Kona ya chini kulia kuna Wi-Fi, sauti, saa na kingao kidogo. Kingao kikiwa na kitone, kuna masasisho. Kama bando lako ni la kupimapima, yaache mpaka upate Wi-Fi.

5. Flashi. Hapa ndipo watu wanapolia. Mwanafunzi wangu mmoja alinakili barua ya maombi ya kazi, akaona imekwisha, akachomoa flashi na kukimbilia kuchapisha. Kufika huko, faili tupu. Linux mara nyingi hushikilia data kwenye kumbukumbu kwanza na kuendelea kuiandika kwenye flashi polepole, hata kama kidirisha cha kunakili kimeshafunga. Kwa hiyo fungua Home, tazama safu ya kushoto, tafuta jina la flashi yako na ubofye kimshale kilicho kando yake. Ukiambiwa data bado inaandikwa, subiri. Jina likitoweka na ujumbe wa kuruhusu ukitokea, chomoa.