Uliza umeseviwaje

Nauza viatu vya mtumba soko la Memorial, Moshi. Juzi mteja alinipigia nikiwa nimesimama nyuma yake, nikaona kwenye simu yake nimeandikwa "Mama Raba Nyeupe". Ubaoni nina jina refu la Kizungu ambalo hata mimi huwa nalikosea spelingi.

Sasa fanya hivi: waulize wateja kumi wa kudumu, "Umenisevi vipi?" Usiwasaidie kujibu. Jina litakalojirudia ndilo liweke ubaoni, kwenye picha ya WhatsApp na kwenye mifuko. Linafanya kazi kwa sababu mtu akimwelekeza shoga yake husema hilo hilo, na huyo mgeni akifika sokoni analikuta limeandikwa, hazunguki kuuliza. Langu limetokana na kusugua soli kwa mswaki wa zamani na dawa ya meno kabla sijapanga meza, kazi ambayo nilidhani hakuna anayeiona.

Halifai kama wamekusevi kwa eneo tu, "Dada wa Memorial", maana tuko wengi, na ukihama limekufa. La utani wa mwili nalo liache huko huko kwenye simu zao. Kabla ya kuchonga mhuri hakikisha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, halijasajiliwa na mwingine. Na kama Lipa Namba, ile namba ya kulipwa kwa simu, inaleta jina tofauti, mwambie mteja mapema litakalotokea, la sivyo atasita kubonyeza namba ya siri akidhani anatapeliwa.