Umepigwa straiki YouTube? Kwanza tazama umeshikiwa nini

Hela ya korosho ikianza kuingia, harusi Mtwara zinafuatana, na simu yangu haitulii. Narekodi harusi na ngoma, napandisha YouTube, na vijana wa Masasi na Newala wanaofanya kazi hii hii hunitumia picha ya skrini usiku wa manane: "Kaka, nimepigwa straiki, nifanyeje?" Wengi wao hawajapigwa straiki yoyote.

Hatua ya 1: Tofautisha dai na straiki

Fungua YouTube Studio, nenda kwenye orodha ya video zako, usome kilichoandikwa pembeni ya ile yenye tatizo. Kama ni dai la Content ID, mashine imesikia wimbo inaoujua. Mara nyingi video inabaki hewani, ila pesa ya matangazo inakwenda kwa mwenye wimbo, au video inafungwa katika baadhi ya nchi. Chaneli kwa kawaida haiguswi. Straiki ni habari nyingine: kuna mtu ameandika ombi la kisheria na video imeshushwa. Zikifika tatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa na video zote zikaenda nayo.

Hatua ya 2: Kama ni dai, jiulize ukweli

Bibi harusi anaingia ukumbini, DJ kafungulia wimbo unaotamba, kamera yako imeumeza wote. DJ umemlipa wewe au kalipwa na kamati, lakini hela hiyo haikununua wimbo. Kuandika "sifa zote kwa msanii" kwenye maelezo hakukulindi pia. Una njia rahisi: kata kipande hicho, zima sauti, futa wimbo peke yake, au weka muziki kutoka Maktaba ya Sauti ya YouTube. Mimi hujaribu kufuta wimbo kwanza, ingawa kifaa hicho kuna siku kinameza na vigelegele vya mashangazi, na mteja akisikia ukimya atakupigia.

Kama una ruhusa, au sauti ni yako mwenyewe, pinga dai. Mdai ana siku 30 za kujibu. Akikataa unaweza kukata rufaa, na hapo ana siku 7. Rufaa ndiyo ya kuogopa: asipokubaliana nawe anaweza kuomba video ishushwe, na dai lililokuwa la pesa tu likageuka straiki. Usipinge kwa hasira.

Hatua ya 3: Kama ni straiki, usifute video

Kuifuta hakuondoi straiki. Zipo njia tatu. Ya kwanza ni kumaliza somo la Shule ya Hakimiliki na kusubiri siku 90 ziishe. Ya pili ni kumwomba aliyelalamika aondoe ombi lake. Mimi huanza na hii, kwa barua pepe fupi: video ni ipi, wimbo ulifikaje humo, nimefanya nini kurekebisha. Adabu inafungua milango ambayo fomu haifungui.

Ya tatu ni arifa ya kupinga. Hii si fomu ya kujazia kwenye daladala. Unatamka, kwa adhabu ya kusema uongo mbele ya sheria ya Marekani, kwamba video ilishushwa kimakosa, na jina lako kamili na anwani yako vinapelekwa kwa mlalamikaji. Naye ana siku 10 za kazi, kwa kalenda ya Marekani, kuonyesha kwamba amekwenda mahakamani. Asipofanya hivyo, video hurudishwa.

Hatua ya 4: Ukiwa wewe ndiye uliyeibiwa

Nilivuka na feri kwenda Msangamkuu kurekodi mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Baada ya muda nikaikuta video kwenye chaneli ya mtu mwingine, nembo yetu imekatwa.

Hapa watu huchanganya mambo. Ngoma ya mapiko si mali yangu. Mtu mwingine akienda kurekodi kikundi kingine, sina neno naye. Changu ni picha na sauti nilizozirekodi. Wachezaji nao wana haki katika onyesho lao; ndiyo maana Sheria ya 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki. Kwa hiyo kabla ya kulalamika nilikusanya faili ghafi kutoka kwenye kamera, kiungo cha video yangu, kiungo cha yake, na karatasi ya makubaliano yenye sahihi ya kiongozi wa kikundi. Hakimiliki haisubiri usajili, ila cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kinasaidia ubishi ukifika mbali.

Fomu ya kuomba video ishushwe imo humo humo ndani ya Studio, sehemu ya hakimiliki. Ina chaguo ambalo wengi hulipita: video ishushwe mara moja, au baada ya siku 7. Ukichagua siku 7, mwenzako anapewa taarifa na akiifuta mwenyewe hapati straiki. Nilichagua hiyo, maana kijana yule nilimjua kwa sura, ni wa hapa hapa. Siku ya pili video haikuwepo, na jioni akanipigia kuuliza kipaza sauti nilichotumia ni cha aina gani.