SOMO: Saladi ya Kigiriki yenyewe (horiatiki), hatua kwa hatua

Wadau habari zenu. Nimeona wengi wakiiita saladi ya Kigiriki kila bakuli lenye letusi na chizi nyeupe iliyokatwakatwa, sasa hiyo ni tamu na sina ugomvi nayo ila ukiagiza horiatiki kule Ugiriki wakati wa joto haiji hivyo. Haina letusi, feta (hiyo chizi nyeupe) inakuja kipande kizima juu, na utamu wote uko kwenye yale maji ya nyanya na mafuta yanayobaki chini ya bakuli. Ukishika hilo mengine ni mepesi.

Watu wawili watatu: nyanya kubwa 3, tango 1, kitunguu chekundu nusu, pilipili hoho ya kijani 1, zeituni nyeusi kama 10 (za Kalamata ukizipata), feta kipande cha gramu 200 hivi, mafuta ya zeituni vijiko vikubwa 4, oregano kavu, chumvi.

1. Nyanya ziwe zimeiva haswa na zisitoke kwenye friji, baridi inaua ladha. Katia juu ya bakuli lenyewe ili maji yasipotee, vipande vinono visivyolingana, mbegu usitoe. Nyunyiza chumvi kidogo, acha dakika kama 10, utaona zinaanza kutoa maji, hayo ndo tunayataka.

2. Tango menya, kata vipande vinene. Kitunguu na hoho kata mviringo, vyembamba. Kitunguu usikifikiche na chumvi kama cha kachumbari, kinatakiwa kibaki na ukali wake.

3. Tupia zeituni na kokwa zake (waambie wageni!). Weka feta juu, usiikate. Oregano isugue viganjani ikidondokea kwenye feta mpaka harufu itoke, afu mimina mafuta bila ubahili. Usikoroge, kila mtu atamega feta mwenyewe mezani. Mkate uwepo wa kuchovya.

MASWALI YENU

Kwani letusi ina shida gani mkuu?
Haina shida, ina saladi yake. Inaitwa maroulosalata, letusi iliyokatwa nyembamba na majani ya kitunguu na bizari ya majani (dill), hiyo ni ya miezi ya baridi mpaka masika yao. Nyanya na tango ni vya kiangazi ndo maana havikukutana. Wasaipras (watu wa kisiwa cha Cyprus) nao wanatia majani kama giligilani kwenye ya kwao, na ni sawa kabisa, ndo ya kwao.

Siki au ndimu?
Ndimu hapana, nyanya ina uchachu wake tayari. Siki ya zabibu nyekundu kijiko kimoja wapo Wagiriki wanaotia na wapo wasiotaka kuisikia. Mi sitii nyanya zikiwa nzuri.

Niko Muscat, feta ya hapa nyingi ni ya maziwa ya ng'ombe, naweza tumia?
Tumia dada, ila jua unachokula. Umoja wa Ulaya uliilinda feta kama mali ya Ugiriki mwaka 2002, ikaleta kesi, mahakama yao ikathibitisha 2005: lazima itoke maeneo maalum ya Ugiriki, maziwa ya kondoo asilimia 70 au zaidi, yanayobaki ya mbuzi, na ikae si chini ya miezi 2. Denmark walikuwa wanauza ya kwao nje ya Ulaya kwa jina hilo hilo, mahakama ikawakuta na kosa 2022. Soma lebo. Ya ng'ombe haina ule ukali wa kondoo, na ikizidi chumvi iloweke majini kidogo.

Si ndo chakula cha Wagiriki wa kale hiki?
Hapana, nyanya imetoka Amerika na Ugiriki imefika karne ya 19. Wa kale walikuwa na zeituni, vitunguu na chizi, nyanya hawakuwahi kuiona. Hata leo visiwani wanaongeza kapari (vichipukizi vya maua vilivyotiwa chumvi au siki), na Krete wana dakos, mkate mkavu wa shayiri wenye nyanya iliyokunwa na chizi laini juu. Kwahiyo uhalisia hapa ni vitu vya msimu vya pale pale, sio umri.

Naweza kuandaa asubuhi nikala jioni?
Kitunguu, hoho na tango kata mapema ufunike. Nyanya, chumvi na mafuta viache mpaka watu wamefika, ukiwahi tango linalegea na feta inayeyukia kwenye maji.