Siti ya baiskeli inakuumiza safari ndefu? Shika spana kwanza kabla hujanunua nyingine

Kama ukipiga kilomita 60 unashuka huwezi hata kukaa vizuri, usikimbilie siti nene ya jeli. Mimi nilikimbilia. Ukiibonyeza kwa kidole unaipenda, ila ukishakaa masaa matatu mifupa inazama, ule ulaini unapanda katikati na kubana sehemu nyeti, hapo ndo ganzi inaanza. Uzito wako ubebwe na mifupa miwili ya makalio, ile unayoisikia ukikalia benchi gumu.

Hatua ya 1, urefu. Vaa viatu unavyoendeshea, jishikize ukutani, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kulala upande, halafu ukiendesha kwa mbele ya unyayo goti litabaki limekunjika kidogo, ndo inavyotakiwa. Siti ikiwa juu mno kiuno kinacheza kushoto kulia kila ukikanyaga, ngozi inasuguana mpaka inachubuka, na watu wengi wanailaumu siti kumbe ni urefu tu. Usipitishe ile alama ya mwisho kwenye bomba la siti.

Hatua ya 2, mlalo. Baiskeli iwe sehemu tambarare, laza ubao juu ya siti, weka pima maji. Anza usawa kabisa. Pua, yaani ncha ya mbele ya siti, ikitazama juu inakubana mbele, ikiinama sana unateleza na mzigo wote unahamia mikononi. Digrii 1 au 2 kwenda chini sawa, ukijikuta unataka zaidi ya 3 basi shida iko kwingine, mara nyingi hendeli iko mbali au chini mno.

Hatua ya 3, mbele na nyuma. Kaa kwenye siti, pedali zikiwa usawa, moja mbele moja nyuma, ning'iniza uzi wenye nati toka chini kidogo ya kofia ya goti la mbele, sogeza siti mpaka uzi uangukie karibu na katikati ya pedali. Hapo ni pa kuanzia tu.

Sasa endesha hivyo wiki moja. Bado unaumia? Pima mifupa.

Hatua ya 4: weka kipande cha boksi la karatasi lenye mawimbi ndani kwenye kiti kigumu, kaa, inama mbele kama unavyoendesha, vuta kiti juu kwa mikono ujikandamize. Utaona mabonde mawili, pima katikati ya moja hadi katikati ya lingine, ongeza kama milimita 20, huo ndo upana wa kuanzia kutafuta siti. Unayeendesha mgongo wima unahitaji pana zaidi, anayelala mbele nyembamba. Ganzi ikikusumbua tafuta yenye tundu au mfereji katikati.

Hatua ya 5, majaribio. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, milimita 5 zinatosha, na chora alama kwa kalamu ya wino ili ukiharibu urudi ulikotoka. Siti ya ngozi kama Brooks ina ugumu mwanzoni, ipe kilomita mia kadhaa ijikunje kufuata umbo lako. Kaptula yenye pedi haivaliwi na chupi ndani, mishono yake ndo inachubua.

Na safarini simama kwenye pedali kila dakika 10 hivi damu ipite. Ganzi siyo kitu cha kuvumilia jamani, ikija shuka, na isipoisha baada ya kupumzika au ikirudi kila safari nenda kamuone daktari.